Nani Alipie Mkono Unaomwogesha Mzee?

*Sheria ya matunzo ya mwili nyumbani kwa gharama ya serikali imeishi Scotland kwa zaidi ya miaka ishirini. Ya England iliridhiwa ikafia kitabuni. Mwandishi wetu anachunguza sababu.*

Saa mbili ya asubuhi, katika mwezi wa Januari, kiza hakijaondoka bado katika mitaa ya Glasgow, na ajuza wa miaka themanini na ushei yu macho kitandani, ghorofa ya tatu, akisubiri mlango ufunguliwe na mtu asiyekuwa mwanawe wala jirani yake. Kiharusi kimemwachia mkono mmoja. Hawezi kujiinua, hawezi kufunga kifungo, na nepi aliyofungwa jana usiku imeloa tangu alfajiri.

Mtunzaji anaingia, anavua koti, anapasha maji. Huanza na uso, kwa kitambaa chake mbali. Hushuka shingoni, makwapani, na chini ya matiti ambako ngozi huchubuka ikiachwa na unyevu. Humgeuza ubavu akamtazama mgongo na makalio, asije akawa ameanza wekundu ule ambao ukipuuzwa siku chache huwa kidonda. Humvisha mkono uliopooza kwanza na mzima baadaye, kwa kuwa ukianza na ule mzima nguo haipiti. Kisha meno ya bandia, uji, vidonge, na saini katika daftari. Yote hayo kwa nusu saa, na mara nyingi kwa pungufu ya hapo.

Asubuhi hiyo si ya ajuza mmoja. Ni ya maelfu ya watu katika nchi ile, na nyuma yake lipo swali ambalo limewashinda mawaziri wakuu kadhaa wa Uingereza: nani alipe?

Mzee wa Glasgow akipimwa na halmashauri ikaonekana anahitaji msaada huo, hazina ya umma hugharimia kuogeshwa kwake bila ya kuuliza ana pauni ngapi benki. Lau angekuwa anaishi Carlisle, mji wa England usiofika mwendo wa saa mbili kwa gari, jambo la kwanza kuulizwa lingekuwa hiyo benki. Na akibainika kuwa na akiba inayozidi pauni 23,250, kila asubuhi ya namna hiyo angeilipia mwenyewe mpaka akiba ipungue chini ya kiwango hicho.

MPAKA ULIOCHORWA 1948

Chanzo cha hitilafu hii ni tarehe 5 Julai 1948. Siku hiyo Waingereza walipata mambo mawili kwa mpigo: Huduma ya Taifa ya Afya, iliyoasisiwa na waziri Aneurin Bevan, ambayo ilimpa kila mkazi matibabu pasipo malipo mlangoni, na Sheria ya Msaada wa Taifa, iliyozika sheria kongwe za mafukara na kuzikabidhi halmashauri kazi ya kuwatunza wazee na wasiojiweza, kwa malipo yanayolingana na mali ya kila mtu.

Mgonjwa akaangukia upande wa kwanza, na dhaifu akaangukia upande wa pili. Wakati ule mpaka huo haukuwaumiza wengi, kwa kuwa waliofikia miaka themanini walikuwa wachache, na waliodhoofika kabisa aghalabu walilazwa miaka nenda miaka rudi katika wodi za hospitali, ambako kuogeshwa na kulishwa kulihesabiwa kuwa sehemu ya matibabu.

Baadaye wodi hizo zilifungwa moja baada ya moja, umri wa watu ukarefuka, na kazi iliyokuwa ikifanywa na wauguzi wa serikali ikahamia majumbani na katika nyumba za wazee, ikawa na bei. Ndipo ilipodhihiri dhuluma ambayo England haijaiondoa hadi leo: mwenye saratani hutibiwa bure hata dawa zake ziwe ghali namna gani, ilhali mwenye ugonjwa wa kusahau, ambao hauna dawa ya kuuponya na ambao tiba yake kubwa ni mkono wa mtu mwingine asubuhi, mchana na usiku, huambiwa kuwa shida yake si ugonjwa bali ni haja ya kutunzwa.

> Mwenye saratani hutibiwa bure. Mwenye ugonjwa wa kusahau huambiwa kuwa shida yake si ugonjwa.

RIPOTI YA MWANAFALSAFA

Desemba 1997 serikali ya Tony Blair iliunda Tume ya Kifalme kuchunguza matunzo ya muda mrefu, ikamteua kuwa mwenyekiti wake Sir Stewart Sutherland, mwanafalsafa wa dini aliyekuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Edinburgh. Tume ilikabidhi ripoti Machi 1999. Ilizigawa gharama za uzee mafungu matatu: makazi, maisha ya kila siku, na matunzo ya mwili. Makazi na chakula, tume ilisema, mtu huvilipia hata akiwa na nguvu zake, basi mwenye uwezo na aendelee kuvilipia. Ama matunzo ya mwili, yanayoletwa na udhaifu ambao hakuna aliyeuchagua, hayo yabebwe na kodi ya watu wote kwa ajili ya kila atakayepimwa akaonekana anayahitaji.

Wajumbe wawili walikataa rai hiyo wakaandika yao. Mmoja alikuwa David Lipsey, aliyekuwa mwandishi wa habari. Wa pili alikuwa Joel Joffe, mwanasheria mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa katika jopo la kumtetea Nelson Mandela na wenzake katika kesi ya Rivonia. Namtaja Joffe kwa makusudi, kwa kuwa wapinzani wa matunzo ya bure mara nyingi hudhaniwa kuwa watu wasiokuwa na huruma, na yeye hakuwa hivyo hata kidogo.

Hoja yao ilikuwa nzito. Maskini, walisema, hulipiwa tayari. Kwa hivyo pauni mpya zitakazotolewa zitamwangukia yule mwenye nyumba na akiba, na mwisho wake zitawaangukia warithi wake, wala hatapatikana mzee mmoja zaidi atakayeogeshwa kwa sababu yake. Fedha hizo zikiwapo, basi zinunue saa zaidi za matunzo na watunzaji bora.

Hoja hiyo ningeikubali lau kupima mali kungekuwa jambo lisilodhuru. Lakini mzee akiulizwa habari za benki yake kabla ya kuulizwa habari za mgongo wake huona haya, husema anajiweza, huahirisha. Na matokeo ya kuahirisha ni kuanguka bafuni, kuvunjika nyonga, na kulazwa wiki nyingi hospitalini kwa gharama kubwa ya serikali ile ile iliyotaka kuokoa fedha. Fauka ya hayo, tajiri hachangii hospitali kwa kupimwa mali siku anapougua moyo. Huchanga kwa kodi miaka yote anapokuwa mzima. Sioni kwa nini kanuni hiyo iwe haki kwa moyo na isiwe haki kwa mkono uliopooza.

London iliwafuata zaidi wale wawili. Julai 2000 serikali ilikataa matunzo ya mwili ya bure, ikakubali tu kulipia kazi inayofanywa na muuguzi aliyesajiliwa. Tangu hapo haki ya mzee ikategemea si haja ya mwili wake bali cheti cha aliyemhudumia.

EDINBURGH YAKATAA KUFUATA

Scotland ilikuwa imepata bunge lake mwaka 1999, na bunge hilo changa, ambalo halikuwa na jengo lake bado na lilikuwa likikutana katika ukumbi wa Kanisa la Scotland mjini Edinburgh, lilikuwa likitafuta jambo la kuonyesha kwamba kuwapo kwake kuna maana. Waziri Kiongozi wa kwanza, Donald Dewar, alifariki Oktoba 2000. Aliyemrithi, Henry McLeish, aliahidi kuitekeleza ripoti ya Sutherland kinyume cha wakubwa wa chama chake huko London. Na ijapokuwa yeye mwenyewe alijiuzulu Novemba 2001 kabla kazi haijakamilika, ahadi ilishamtangulia. Sheria ya Matunzo ya Jamii na Afya ilipitishwa mapema mwaka 2002, na tarehe 1 Julai mwaka huo ikaanza kazi kwa watu wa miaka 65 na zaidi.

Nimelisoma jedwali lililoambatishwa na sheria hiyo, na nakiri kwamba sijawahi kuona maandishi ya bunge yaliyoinama karibu na mwili wa binadamu kiasi kile. Kunyoa ndevu kumetajwa. Kusafisha meno, na kumsaidia mtu kusukutua kinywa. Kukata kucha za mikono na za miguu. Kumpeleka msalani, au kumwekea chombo kitandani. Kutunza mpira wa mkojo. Kubadili nguo na shuka zilizochafuka. Kusaidia katika kutayarisha chakula chake. Kumpaka malhamu, kumtia dawa ya matone machoni. Kumvisha na kumvua. Kumwamsha na kumlaza. Haya yote, sheria yasema, hayatozwi.

> Kunyoa ndevu kumetajwa. Kusukutua kinywa kumetajwa. Haya yote, sheria yasema, hayatozwi.

Wako watakaoona kwamba maneno ya namna hii hayalingani na taadhima ya bunge. Mimi naona kinyume. Haki ya mtu dhaifu ikiandikwa kwa maneno mapana, kama vile heshima, ustawi na utu, karani aliyebanwa na bajeti huweza kuikunja apendavyo. Ikiandikwa kwa kucha na kinywa, mjukuu wa mzee aweza kuifungua karatasi mbele ya karani huyo na kumwonyesha mstari.

Ushahidi wa jambo hilo haukukawia. Katika mistari yote ya jedwali, ulioleta ugomvi mkubwa ulikuwa ule wa kutayarisha chakula. Halmashauri nyingine zilishika kwamba kumsaidia mzee kula ni bure lakini kumpikia ni kazi ya nyumbani, nazo zikawatoza, nyingine hazikutoza. Sutherland mwenyewe, aliyeombwa kuikagua sheria ile mwaka 2008, aliikuta hitilafu hiyo, na baada ya hapo serikali ya Scotland ikalazimika kurekebisha maneno ili isibaki nafasi ya tafsiri mbili. Palipokuwa na mstari ulio wazi, mzee alisalimika. Palipokuwa na utata, alitozwa.

MKOBA WA NANI?

Alilolikuta Sutherland lilizidi chakula. Wazee wa Uingereza wasiojiweza walikuwa wakati ule wakipata kutoka London posho ya kuhudumiwa, na Scotland ilipoanza kuwalipia wakazi wa nyumba za wazee kwa ajili ya matunzo ya mwili, kiasi cha pauni 145 kwa wiki mwaka 2002, pamoja na pauni 65 kwa waliohitaji muuguzi, serikali kuu iliwaondolea watu hao posho ile wala haikukubali fedha hizo ziende Edinburgh. Mzigo uliosaidiwa kubebwa na hazina moja ukaiangukia nyingine peke yake. Sutherland alishauri fedha hizo zirudishwe. Hazikurudishwa.

Halmashauri nazo zilibana penye nafasi. Sheria ilisema matunzo ni bure kwa aliyepimwa. Haikuweza kusema atapimwa lini na kupewa dakika ngapi. Basi foleni za kupimwa zikarefuka mahali pengi, na ziara za dakika kumi na tano zikazoeleka. Nani aweza kumwogesha mtu aliyepooza kwa robo saa bila ya kumhilikisha?

Umri pia ulikuwa ukuta. Frank Kopel, beki wa zamani wa Manchester United na Dundee United, aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa kusahau akiwa na miaka 59, na kwa kuwa hakuwa ametimiza 65, matunzo ambayo jirani yake mzee angeyapata bure yeye alitozwa. Alifariki Aprili 2014, siku kumi na tisa baada ya kutimiza umri huo. Mjane wake, Amanda, alipigania jambo hilo mpaka bunge likasikia, na tangu tarehe 1 Aprili 2019 kikomo cha chini cha umri kimeondolewa kwa watu wazima wote wa Scotland. Watu huiita sheria ya Frank.

MSWADA WA DAKIKA ZA MWISHO

Sasa tuvuke mpaka turudi England, Septemba 2009. Waziri Mkuu Gordon Brown, akihutubia mkutano wa chama chake mjini Brighton uchaguzi ukiwa umekaribia, aliahidi matunzo ya bure majumbani kwa wenye shida kubwa kabisa. Novemba mswada ukaletwa: mfupi, wa vifungu vichache, ambao muradi wake ulikuwa kuondoa kikomo cha wiki sita kilichowekwa na sheria ya mwaka 2003 kwa matunzo ya bure ya mtu nyumbani kwake.

Undani wa jambo uliachiwa kanuni za waziri. Angefaidika nani? Mtu mwenye mahitaji ya daraja la juu kabisa, na anayehitaji kusaidiwa sana katika mambo manne au zaidi ya maisha ya kila siku. Serikali ilikadiria kwamba jumla ya watu 400,000 wangefaidika kwa njia moja au nyingine, kwa gharama ya pauni milioni 670 kwa mwaka: milioni 420 kutoka Wizara ya Afya, na milioni 250 ambazo halmashauri zilitakiwa zizipate kwa kubana matumizi.

Hapo ndipo mswada ulipotoboka. Wakuu wa halmashauri walisema fedha hizo za kubana hazipo na gharama itazidi makadirio. Wengine waliuliza mpaka wa mambo manne umetoka wapi, na mtu wa mambo matatu, asiyeweza kuoga wala kuvaa wala kwenda msalani peke yake, ataambiwa nini. Tena ilionekana kwamba anayetunzwa kwake hatalipa na anayetunzwa katika nyumba ya wazee ataendelea kulipa, hata ikabidi pengine nyumba yake iuzwe. Basi mtoto mwenye kuutazama urithi atakuwa na sababu ya kumzuia mzazi nyumbani hata pale ambapo nyumbani si salama tena.

Upinzani mkali katika Baraza la Malodi ulitoka ndani ya chama tawala chenyewe. Lipsey, ambaye sasa alikuwa Lodi, alisimama kuupinga, na Lodi Warner, aliyewahi kuwa waziri wa afya wa serikali hiyo hiyo, alisimama naye. Baraza lililazimisha kwamba matunzo yasianze Oktoba 2010 kama ilivyotakwa bali yangoje mwaka 2011, na kwamba mabaraza yote mawili yaridhie kwanza. Nje ya bunge, chama cha Conservative kilikuwa kimetundika mabango yenye picha ya jiwe la kaburi, yakiwatisha watu kwamba serikali itawatoza maelfu ya pauni wakifa ili kugharimia matunzo.

Malkia aliiridhia sheria tarehe 8 Aprili 2010. Uchaguzi ulifanyika 6 Mei, Brown akashindwa, na serikali mpya haikuianzisha. Hakuna mzee hata mmoja aliyepata kuogeshwa kwa sheria ile.

> Malkia aliiridhia. Hakuna mzee hata mmoja aliyepata kuogeshwa kwa sheria ile.

Sikubaliani na wanaosema kwamba ilikufa kwa sababu ilikuwa ya ukarimu kupita kiasi. Ilikufa kwa sababu iliahidi kazi bila ya kuitaja kwa majina, na ikataja fedha bila ya kuonyesha mkoba. Wajerumani walipoanza, mwaka 1995, walianzisha bima ya matunzo yenye mchango wake, unaokatwa katika mshahara na kutiwa katika mfuko usiotumika kwa jambo jingine. Wajapani walifanya la mfano huo Aprili 2000, wakaamuru kila mtu aanze kuchanga atimizapo miaka 40. Mifuko hiyo ina shida zake, na michango yake imekuwa ikipanda. Walakini waziri wa fedha wa nchi hizo hawezi kuamka asubuhi moja akaufuta mfuko kwa hotuba.

England yameshatokea hayo hasa. Tume ya Andrew Dilnot ilishauri mwaka 2011 kwamba kiwekwe kikomo cha pauni ambazo mtu akishazilipa maishani mwake, serikali ichukue mzigo uliobaki. Sheria ya mwaka 2014 iliukubali mpango. Kikomo kikapangwa kuwa pauni 72,000, kikaahirishwa, kikaachwa. Waziri Mkuu Boris Johnson akakirudisha mwaka 2021 kwa pauni 86,000. Kikaahirishwa tena, na Julai 2024 waziri wa fedha Rachel Reeves akakifuta.

MIKONO YA KUTOKA KWETU

Katika mabishano yote hayo mtunzaji mwenyewe husahauliwa, naye mara nyingi si mzaliwa wa huko. Februari 2022 Uingereza, iliyoishiwa na watu wa kazi hii, iliwafungulia watunzaji wa nchi za nje mlango wa viza, na miongoni mwa walioingia wamo Wakenya na Watanzania, dada na binamu za wasomaji wa gazeti hili. Wapo waliowalipa mawakala fedha nyingi wakafika wakakuta saa za kazi ni chache au kazi yenyewe haipo. Wengi hulipwa dakika wanazokaa na mzee na hawalipwi mwendo wa kutoka nyumba hii kwenda ile, mvua ikinyesha. Julai 2025 mlango huo ulifungwa kwa wapya. Sheria ya matunzo isiyosema mtunzaji atalipwaje saa zake zote, hata ile ya Scotland, imeandika upande mmoja tu wa kitanda.

Kwetu mjadala haujafika huko. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kutoa Pensheni Jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyetimiza miaka 70, na Kenya mwaka 2018 ikawafikishia wazee wake wa umri huo shilingi 2,000 za Inua Jamii. Ni hatua za kushukuriwa, lakini fedha haimgeuzi mtu ubavu. Kazi hiyo hufanywa na binti, au na mkwe, pasipo mshahara, na aghalabu kwa kuacha biashara yake. Na binti huyo huyo, akisafiri kwenda kuwaogesha wazee wa Glasgow, humwacha mama yake kwa mtu mwingine.

England sasa inasubiri tume nyingine. Januari 2025 serikali ilimkabidhi Louise Casey, mjumbe wa Baraza la Malodi, kazi ya kupendekeza upya mpango wote wa matunzo ya watu wazima: sehemu ya kwanza mwaka 2026, na ripoti ya mwisho mwaka 2028. Mtu aliyekuwa na miaka 70 siku Sutherland alipokabidhi ripoti yake, akiwa hai wakati huo, atakuwa na miaka 99.